Kuchagua gitaa la pikapu za koili moja: tathmini ya Squier Classic Vibe '50s Telecaster

Mpigaji wa solo anayetaka sauti kali na safi, ile inayopenya katikati ya besi, ngoma na saksofoni bila kupandishwa kupita kiasi kwenye amplifaya, anapaswa kuamua aina ya pikapu kabla ya kutazama rangi, umbo au jina lililoandikwa kwenye kichwa cha gitaa. Pikapu ndicho kifaa kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme, na hakuna sehemu nyingine ya gitaa la umeme inayoamua sauti kwa kiwango hicho. Katika tathmini hii ninaliangalia gitaa moja, Squier Classic Vibe '50s Telecaster, nikililinganisha na mawili ambayo mnunuzi wa kiwango hiki atakutana nayo, yaani Squier Affinity Telecaster na Yamaha Pacifica 112V. Msimamo wangu ni kwamba kwa anayepiga rumba, dansi au benga kwa sauti isiyokwaruzwa, Classic Vibe inastahili fedha inayodaiwa, mradi mnunuzi awe ameuelewa mvumo wa koili moja na kukubali kuishi nao.

Pikapu ya koili moja ni waya mwembamba sana wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara kwenye safu ya sumaku sita, kila sumaku ikikaa chini ya uzi wake. Uzi wa chuma unapotetemeka huivuruga nguvu ya sumaku, na vurugu hiyo huzalisha umeme mdogo ndani ya waya, ambao ndio unaopelekwa kwenye amplifaya. Tatizo ni kwamba koili hiyo hiyo hunasa pia nguvu za sumaku zinazozagaa kutoka kwenye transfoma na nyaya za umeme za jengo, na hapo ndipo mvumo unapotokea. Hambaka, ambayo Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliiombea hataza mwaka 1955, hutumia koili mbili zilizopangwa kinyume ili mvumo unaoingia katika moja ufutwe na ule wa nyingine. Utulivu huo una bei yake: hambaka husikiliza uzi katika sehemu mbili kwa wakati mmoja, na kwa kawaida hubeba waya mwingi zaidi, kwa hiyo sauti za juu kabisa hupungua na mguso wa kwanza wa kidole huwa laini zaidi. Koili moja husikiliza sehemu nyembamba ya uzi, na inachosikia inakitoa karibu kama kilivyo.

Tofauti hii huonekana wazi katika muziki wetu. Katika sebene, yaani sehemu ya kasi ya kuchezea katika rumba, mpigaji wa solo hupiga noti mbili mbili kwenye uzi wa kwanza na wa pili, juu ya freti ya 12 (freti ni vipande vyembamba vya chuma vinavyokatisha shingo ya gitaa), akizirudia kwa kasi huku gitaa la pili likijibu chini yake na rithimu ikishikilia kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Kwa pikapu ya koili moja iliyo karibu na daraja, yaani pale nyuzi zinaposhikiliwa mwilini mwa gitaa, noti hizo mbili husikika kama noti mbili, kila moja ikiwa na mwanzo na mwisho wake. Kwa hambaka nzito zinaelekea kushikana na kuwa kitu kimoja kinene, jambo linalofaa sana katika roki lakini linaloziba nafasi pale ambapo magitaa matatu yanapiga kwa pamoja. Benga nayo, ambayo gitaa lake lilijifunza mengi kutoka kwa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, inadai kila uzi usikike unavyochomolewa. Ndiyo maana ninaona kwamba kwa muziki wa aina hii koili moja ni sehemu ya mtindo wenyewe.

Umbo la Telecaster lilitoka katika karakana ya Leo Fender huko Fullerton, California. Mwaka 1950 liliuzwa kwa jina la Broadcaster, kisha jina hilo likaachwa mwaka 1951 kwa sababu kampuni ya Gretsch ilikuwa tayari na ngoma zilizoitwa Broadkaster. Squier ni jina la pili la Fender kwa magitaa ya bei nafuu, lililoanza kutumika kwa magitaa yaliyotengenezwa Japani mwaka 1982, na mfululizo wa Classic Vibe ulifuata mwaka 2008. Magitaa ya sasa ya mfululizo huo hutengenezwa Indonesia.

Gitaa ninalolizungumzia lina mwili wa mbao ya msonobari, shingo ya mepo yenye rangi ya asali inayong'aa, freti 21 nyembamba zilizoinuka, na ubao wa freti ambao ni mepo hiyo hiyo iliyopakwa vanishi. Urefu wa uzi kutoka kichwani hadi darajani ni milimita 648, kipimo kile kile cha Telecaster za Marekani. Nyuzi hupita ndani ya mwili na kushikiliwa nyuma, na daraja ni bamba la chuma lenye vitalu vitatu vya mviringo, kila kimoja kikibeba nyuzi mbili. Vanishi ya ubao wa freti ni jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitilii maanani, lakini kwa wanaoishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar lina uzito, kwa kuwa jasho hufutika kwa kitambaa bila kuingia kwenye mbao. Kwa upande mwingine, vanishi iliyoko nyuma ya shingo hunata mkono ukiwa na jasho, na wapo wapigaji wanaoisugua kwa msasa laini sana hadi iache kung'aa. Ni kazi ya kumpa fundi mwenye mkono mtulivu.

Kinachoitenganisha Classic Vibe na Affinity kwa kiasi kikubwa ni sumaku. Classic Vibe hutumia sumaku za aliniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti, ambapo vijiti sita vinavyoonekana chini ya nyuzi ndivyo sumaku zenyewe. Affinity hutumia sumaku ya seramiki, ambayo kwa kawaida huwa kipande bapa kilichobandikwa chini ya pikapu, na vijiti vinavyoonekana juu ni chuma cha kupitishia tu nguvu yake. Seramiki si ubovu, na gitaa la Affinity lililorekebishwa vizuri linaweza kupanda jukwaani bila aibu. Hata hivyo, ukipiga polepole halafu ukaongeza nguvu ya mkono, aliniko hufuata mkono wako kwa viwango vingi zaidi, ilhali seramiki za bei nafuu huelekea kutoa ukali ule ule wakati wote. Anayetaka kuhakikisha anachouziwa anaweza kumwomba fundi afungue skrubu za pikapu ya darajani na kuigeuza, kwani kipande bapa cha sumaku kitaonekana mara moja.

Swichi ina nafasi tatu. Nyuma kabisa ni pikapu ya darajani pekee, iliyowekwa kimshazari ndani ya bamba la chuma, na hapa ndipo ilipo sauti ya solo: kavu, ya haraka, yenye ncha ambayo kwenye amplifaya ya tranzista inaweza kuwa kali mno hadi kitufe cha toni kirudishwe nyuma kidogo. Mbele ni pikapu ya shingoni, yenye kifuniko cha chuma, ambayo ni ya mviringo zaidi na inafaa kwa utangulizi wa wimbo wa taratibu. Nafasi ya kati huunganisha zote mbili, na ninaiona kuwa sauti bora kabisa ya gitaa hili kwa rithimu, kwa sababu ina uwazi wa daraja bila kuchoma masikio. Katika Telecaster nyingi za kisasa pikapu hizi mbili zimezungushwa kinyume, hivyo mvumo hupungua sana swichi ikiwa katikati. Sikiliza jambo hilo dukani kabla ya kulipa: ukihama kutoka nyuma kwenda katikati, mvumo unapaswa kushuka waziwazi.

Kuhusu mvumo wenyewe, inafaa kueleza kwa kirefu, kwa kuwa magitaa mengi mazuri ya koili moja huuzwa tena kwa hasara na watu waliodhani wameuziwa gitaa bovu. Umeme wetu wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na mvumo mzito wa chini unaousikia ni mapigo hayo hayo yakinaswa na koili. Huo hauondoki kwa kufunika ndani ya gitaa kwa karatasi ya shaba, bali hupungua unapogeuka na kubadilisha uelekeo wa gitaa, au unaposogea mbali na transfoma ya amplifaya, stebilaiza au inveta. Kelele ya aina ya pili ni ile ya kukwaruza ya juu, inayotoka kwenye taa za tyubu, vipunguza mwanga na chaja duni za simu. Hii ndiyo ambayo karatasi ya shaba iliyounganishwa na ethi (waya wa ardhi) huisaidia. Ukishika nyuzi na kelele ikapungua, waya unaounganisha daraja na ethi ya gitaa uko sawa. Kelele ikiongezeka unapozishika, au ukihisi umeme mkononi, acha kupiga papo hapo na umwite fundi umeme, kwa sababu huenda ethi ya jengo au ya amplifaya ina kasoro, na kasoro ya aina hiyo imewahi kuua wanamuziki katika nchi nyingi. Ukumbi usio na ethi ya kweli ni jambo la kawaida kwetu, na mpigaji wa koili moja hulijua mapema kuliko wenzake wote jukwaani.

Jambo jingine ambalo lina athari kubwa kuliko linavyosemwa ni kimo cha pikapu. Sumaku za aliniko zikiwa karibu mno na nyuzi huzivuta, na nyuzi nene hupoteza mlio wake: noti hudumu kwa muda mfupi, sauti huyumba, na gitaa hukataa kukaa sawa juu ya freti ya 12 hata likitiuniwa kwa uangalifu. Bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho, kisha pima nafasi kati ya uzi na kichwa cha sumaku. Kwa pikapu za mtindo wa zamani Fender hupendekeza takribani milimita 2.4 upande wa uzi mnene na milimita 2 upande wa uzi mwembamba. Kazi hii inahitaji bisibisi na rula tu, na inaweza kubadilisha gitaa kuliko kununua pikapu mpya.

Kebo nayo ihesabiwe. Kadiri inavyokuwa ndefu ndivyo inavyomeza sauti za juu za koili moja, na hakuna faida ya kulipia uwazi wa aliniko halafu kuupitisha katika kebo duni ya mita 10. Mita 3 hadi 6 za kebo yenye kinga nzuri zinatosha jukwaa nyingi.

Yamaha Pacifica 112V ni mshindani wa haki, na ningekuwa ninamshauri mpigaji wa kwaya au wa bendi ya harusi anayeombwa nyimbo za kila aina, ningemwelekeza huko bila kusita. Ina pikapu mbili za koili moja za aliniko na hambaka moja darajani, ambayo hugawanywa kuwa koili moja kwa kuvuta kitufe cha toni. Ina freti 22, na ubao wake wa freti ni bapa zaidi, unaomruhusu mpigaji kuvuta uzi bila noti kukwama. Hata hivyo, hambaka iliyogawanywa haifikii ukavu wa Telecaster darajani, na kwa anayetafuta sauti hiyo moja tu, Pacifica itamwacha akiwa karibu lakini hajafika.

Classic Vibe ina mapungufu yake ya kweli. Vitalu vitatu vya daraja haviruhusu kila uzi kurekebishwa peke yake, kwa hiyo usahihi wa noti za juu ni maafikiano kati ya nyuzi mbili. Freti ya 21 kwenye uzi wa kwanza inaishia do-diyezi, na mpigaji wa sebene aliyezoea freti ya 22 atalikosa re. Ukipandisha sauti sana, pikapu ya darajani inaweza kupiga mbinja kwa kuwa bamba la chuma linatetemeka nayo. Skrubu ndogo za daraja hushika kutu haraka pwani, na zikishaganda kimo cha nyuzi hakirekebishiki tena, hivyo tone la mafuta ya mashine kila unapobadilisha nyuzi ni lazima.

Gitaa hili huja na nyuzi za 9 hadi 42, yaani unene wake kwa maelfu ya inchi. Ninashauri 10 hadi 46 kwa mpigaji wa rithimu, na kisha fundi arekebishe shingo na kitako cha nyuzi kichwani (kipande chenye mifereji ambamo nyuzi hupita) kulingana na unene huo. Kwa mwenye bajeti finyu, Affinity pamoja na marekebisho ya fundi ni ununuzi bora kuliko Classic Vibe iliyotolewa kwenye boksi na kupandishwa jukwaani bila kuguswa. Anayeweza kumudu Classic Vibe pamoja na fundi na kebo nzuri hana sababu ya kusubiri hadi aweze kununua Fender ya Mexico, isipokuwa anazihitaji zile freti 22.