Kode ya kukwangua ao ya kuskane, za kujua kama dawa ni ya kweli ao ya feki, gani inafaa huku Bukavu?

Miye nachagua ya kukwangua. Tuseme unanunua dawa ya malaria pale Kadutu, unakwangua na ukucha kale kasehemu ka rangi ya feza, namba zinatokea, unatuma SMS, jibu inarudi kama ni ya kweli ao hapana, na telefone ya kitochi inatosha, mgonjwa mwenyewe njo anahakikisha. Naijeria walianza nayo 2010.

Ya kuskane, kale kakaro ka vidoti, kwa inchi nyingi za Ulaya ni lazima tangu 9 Februari 2019 kwa dawa nyingi za ordonansi: farmasi inaskane, sistemu inafunga namba ya ile bwati, ile namba ikirudi tena inakamatwa. Ni nguvu kweli, lakini inaomba kuran (umeme) na intaneti, na huku watu wengi wananunua plaketi moja tu, bwati inabaki kwa muuzaji!

Ila ukikuta kode ya kukwangua imeshakwanguliwa, usinunue.