Mazda MX-5: Raha ya Usukani na Hesabu ya Petroli

Anayetaka gari la spoti huambiwa tangu mwanzo kwamba raha ya kuendesha na nafuu ya mafuta haviketi pamoja, na kwa magari mengi ya aina hiyo onyo hilo ni la haki. Mazda MX-5 ya kizazi cha nne, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2015, ni miongoni mwa machache yanayolipunguzia uzito onyo hilo bila kutegemea mota ya umeme wala turbo. Sababu kubwa ni wepesi wake: toleo la injini ya lita 2.0 lina kilo 1,060 hivi, ilhali mshindani wake wa karibu, Toyota GR86, anapita kilo 1,250.

Katika vipimo rasmi vya Marekani, MX-5 hiyo yenye gia za mkono imepewa maili 26 kwa galoni mjini na 34 kwenye barabara kuu, yaani kilomita 11 hadi 14.5 kwa lita, na wastani unaozidi 12 kidogo. GR86 ya gia za mkono, kwa vipimo hivyo hivyo, ina wastani usiofika kilomita 9.5. Mtu anaweza kusema kwamba GR86 ina nguvu za farasi 228 dhidi ya 181, na ni kweli. Lakini ukigawanya uzito kwa nguvu utaona kwamba kila farasi, katika gari hili na lile, anavuta chini kidogo ya kilo sita. Mafuta ya ziada, kwa sehemu kubwa, hulipia kilo na ukubwa wa injini, si mbio.

Wepesi huo unaonekana zaidi kwenye kona kuliko kwenye barabara iliyonyooka, na hapo ndipo gari hili linapostahili sifa zake. Kila unapokanyaga breki, mwendo ulioununua kwa petroli unageuka joto kwenye diski na kupotea hewani, kisha unaununua upya unapotoka kwenye kona. MX-5, yenye uzito uliogawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, huingia kona nyingi kwa mwendo ambao gari zito lingelazimika kuupunguza. Dereva anayesoma barabara mapema, akaachia akseleta akiwa bado ndani ya gia, anapata faida mara mbili: injini huacha kunyunyiza petroli kabisa wakati magurudumu yanaizungusha, na gari hubaki limetulia, tayari kugeuka. (Wanaoteremka mlima kwa gia huru wakidhani wanabana matumizi wanajidanganya, kwa kuwa injini iliyoachwa huru lazima ilishwe ili isizime.) Kwa maneno mengine, ustadi unaoleta raha na ule unaookoa mafuta hapa ni mmoja, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu magari yenye nguvu nyingi, ambayo raha yake hutokana na kukanyaga akseleta hadi mwisho na kufunga breki kwa nguvu.

Injini yenyewe imesaidia. Mazda imeupandisha mgandamizo, yaani kiasi ambacho mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa ndani ya silinda kabla ya kuwashwa, hadi 13 kwa 1, kiwango kikubwa kwa injini ya petroli, na ikaunda mabomba ya ekzosi kwa namna inayopunguza gesi moto zinazobaki ndani ya silinda, ili mchanganyiko usilipuke kabla ya wakati wake. Matokeo ni injini inayokubali kuvuta kwa gia ya juu na mizunguko michache bila kunung'unika, na hiyo ndiyo hali ambayo injini ya petroli hutumia mafuta yake vizuri zaidi. Marekebisho ya mwaka 2018 yalisogeza kikomo cha mizunguko kutoka 6,800 hadi 7,500 kwa dakika, na nakiri kwamba tangu hapo kishawishi cha kuchelewa kubadili gia ni kikubwa. Mkono wa gia, wenye safari fupi na mshindo safi, hausaidii kukishinda.

Kwenye barabara kuu sifa zinapungua. Gia ya sita ni fupi kuliko ambavyo ningependa, hivyo kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa injini inakaribia mizunguko 3,000 na kelele yake, pamoja na ya upepo, huchosha katika safari ndefu. Hapo pia wepesi hausaidii sana, kwa sababu adui ni hewa: kutoka kilomita 100 hadi 130 kwa saa, upinzani wake huongezeka kwa karibu asilimia 70, na ukifungua paa unaongezeka zaidi. Buti ni ya lita 130 tu. Gia za otomatiki zipo, na hazileti tofauti kubwa ya matumizi. Sioni sababu ya kuzichagua.

Panapouzwa injini zote mbili, ningechukua ile ya lita 1.5. Ina nguvu za farasi zipatazo 130, na katika vipimo vya Ulaya hukaribia kilomita 16 kwa lita, dhidi ya kati ya 14 na 15 za dada yake mkubwa. Muhimu zaidi, inaweza kuzungushwa hadi mwisho wa gia ya pili bila kuvuka mwendo unaoruhusiwa nje ya mji. Anayesafiri sana barabara kuu achukue ya lita 2.0, maana nguvu yake ya kuvuta humwezesha kupita magari mengine bila kushuka gia, na katika matumizi ya namna hiyo pengo la mafuta baina yao ni dogo.