Uzoefu wangu na CoolProp na WebBook: maji ya Kisumu hayachemki kwa nyuzi 100

Ukiiuliza programu ya data za kemikali maji yanachemka kwa nyuzi ngapi, ikajibu 100, haijakosea. Umeiuliza habari za Mombasa. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ni karibu kPa 88.5, na maji huchemka kwa 96.2. Nakuru, mita 1,850, presha hushuka hadi kama kPa 81 na maji huchemka chini kidogo ya 94. Mtu anayepima programu hizi kwa kulinganisha na jedwali la kitabu cha shule atazilaumu bure.

Ninazotumia ni mbili, zote za bure. Ya kwanza ni NIST Chemistry WebBook, tovuti ya taasisi ya vipimo ya Marekani, ambayo imekuwa mtandaoni tangu 1996. Ya pili ni CoolProp, maktaba ya programu huria unayoiweka kwenye kompyuta yako. Hazifanyi kazi moja, na ukijaribu kuifanya moja iwe nyingine utachoka.

Tuanze na CoolProp, maana ndiyo ninayoifungua kila siku. Ukiwa na Python, lugha ya kuandikia programu, unaandika `pip install CoolProp` mara moja tu, na tangu hapo huhitaji intaneti tena. Bando likiisha, au laini ikizima mvua inaponyesha, kazi inaendelea. Ina vimiminika na gesi zaidi ya 100: maji, amonia, kaboni dayoksaidi, gesi za friji, na ethanoli pia. Swali la maji ya Kisumu linaandikwa hivi:

`PropsSI('T','P',88500,'Q',0,'Water')`

Yaani: nipe halijoto, presha ikiwa Pa 88,500 (ndiyo kPa 88.5), maji yakiwa kimiminika kilicho tayari kuchemka. Hiyo Q ni sehemu ya mvuke: 0 ni maji matupu, 1 ni mvuke mkavu. Jibu linakuja kwa Kelvin, 369.4 hivi, toa 273.15. Badilisha `Water` kuwa `Ethanol` na utapata karibu nyuzi 75, wakati vitabu vinasema 78.3. Kwa mtu wa kiwanda cha spiriti ya molasi ukanda huu wa miwa, nyuzi hizo tatu si mzaha.

Mtego mkubwa wa CoolProp ni vipimo. Yenyewe inajua Pa, Kelvin na J/kg basi. Ukiandika 88.5 ukidhani ni kPa, itakataa kwa ujumbe mrefu wa Kiingereza, kwa sababu Pa 88.5 iko chini ya nukta utatu ya maji (pale barafu, maji na mvuke hukaa pamoja), Pa 611.7. Hapo una bahati, umekataliwa. Balaa ni isipokataa. Boila yenye geji ya bar 7 ina presha kamili ya bar 7.885, yaani Pa 788,500. Mtu akiandika 788.5 programu inapokea vizuri kabisa, kisha inamwambia mvuke wake una nyuzi 3.6. Hakuna onyo lolote. Mvuke wa baridi kuliko soda ya friji utaustukia. Lakini namba hiyo ikiwa imefichwa katikati ya hesabu ya mistari 40, nani ataiona?

Na hiyo bar 7.885 yenyewe ina somo. Geji inasoma presha iliyozidi ile ya hewa, kwa hiyo lazima uongeze presha ya mahali ulipo, 0.885 kwa Kisumu, si 1.013 ya pwani. Ukisahau kuongeza kabisa utapata mvuke wa nyuzi 165, ilhali ukweli ni 169.8. Ukiongeza ya pwani utapata 170.5, kosa dogo. Kwa hiyo mwinuko haukuumizi sana kwenye boila. Unakuumiza kwenye sufuria iliyo wazi na kwenye mnara wa kukenekea unaofanya kazi kwa presha ya hewa.

Presha ya mahali uitoe wapi? Usiitoe kwenye app ya hali ya hewa. Ile 1,015 inayoandikwa hapo imesahihishwa ionekane kana kwamba uko ufuoni. Hakuna siku Nakuru imewahi kuwa na hPa 1,015. Tumia simu yenye baromita, usome namba ghafi, au kokotoa kutokana na mwinuko. Kwa kazi za kawaida fomula inatosha.

Jambo jingine linalochanganya watu ni entalpi, kipimo cha nishati ya joto iliyomo ndani ya dutu. Unachukua entalpi ya gesi ya friji kwenye CoolProp, unaichukua kwenye jedwali la mtengenezaji, hazifanani hata kidogo, unaanza kulaani. Tatizo ni mahali sifuri ilipowekwa. Wengine huweka 200 kJ/kg kwa kimiminika cha nyuzi 0, wengine huweka sifuri kwenye nyuzi 40 hasi. Linganisha tofauti kati ya hali mbili, usilinganishe namba pweke. Ukilazimika kuoanisha, kuna amri ya `set_reference_state`, ila iweke mwanzoni kabisa. Ukiibadilisha katikati ya hesabu umejichimbia shimo.

Pia usiipe T na P ukiwa juu ya mstari wenyewe wa kuchemka. Hapo maji na mvuke vina T na P zile zile, nayo haiwezi kujua unataka kipi, hivyo hutupa kosa. Ipe P na Q. Kiunganishi cha Excel kipo na kinafanya kazi.

Sasa WebBook. Hii naifungulia hata kwenye simu, kurasa zake ni nyepesi. Natafuta kwa namba ya CAS, namba ya utambulisho ya kila kemikali, si kwa jina: 64-17-5 ni ethanoli, hakuna ubishi wa tahajia. Nguvu yake ni pale CoolProp haigusi: entalpi za uundaji (joto linaloingia au kutoka dutu inapoundwa kutoka kwa elementi zake), joto la kuungua, joto maalumu la gesi kwenye halijoto kubwa. Ukurasa wake wa sifa za vimiminika unatoa majedwali mazuri, lakini ethanoli haimo kwenye orodha hiyo, na ndiyo maana sijaiacha CoolProp.

Chukua ethanoli ya jiko. Entalpi ya uundaji wa maji ni −285.83 kJ/mol yakiwa kimiminika na −241.83 yakiwa mvuke. Mole moja ya ethanoli ikiungua hutoa mole 3 za maji, kwa hiyo ukichagua mstari usiofaa unakosea kJ 132: kutoka 1,367 hadi 1,235. Ni kama asilimia 10 ya joto la jiko. Moshi wa jiko hutoka ukiwa na mvuke, kwa hiyo chukua namba ya mvuke.

Fomula ya Shomate, ambayo WebBook hutumia kwa joto maalumu la gesi, inataka T iliyogawanywa kwa 1,000. Mvuke wa K 500 unaingizwa kama 0.5, jibu 35.2 J/mol·K. Ukiingiza 500 utapata hasi ya milioni mia tatu na ushei. Angalau hilo linajitangaza lenyewe.

Kosa la Antoine, fomula inayounganisha presha ya mvuke na halijoto, halijitangazi. Kwa maji WebBook inakupa mistari kadhaa ya namba zake A, B na C, kila mmoja na upeo wake wa Kelvin. Nilijaribu yote kwa bar 0.885. Mstari wa 344–373 unatoa nyuzi 96.2, sawa na CoolProp. Ule wa 255.9–373 unatoa 96.6. Ule wa 379–573 unatoa 103! Namba zake ni halali, ila haukutengenezwa kwa ajili ya halijoto hiyo, na tovuti haikuzuii kuunakili. Soma safu ya upeo kabla ya kugusa A. Na presha hapo ni bar, halijoto ni Kelvin, logi ni ya msingi wa 10.

Pale zote mbili zinaponishinda ni mchanganyiko wa ethanoli na maji. WebBook ni ya dutu moja moja, na mchanganyiko huu siuamini ndani ya CoolProp. Ukitumia namba za dutu safi na kuzichanganya kwa uwiano, hesabu itakuahidi spiriti ya asilimia 100, na mnara wako hautaitoa kamwe. Kwa presha ya pwani hukwama kwenye asilimia 95.6 kwa uzito. Kwa hilo nafungua DWSIM, programu ya kuiga mitambo ya kemikali, nayo ni ya bure, nachagua modeli ya NRTL, inayohesabu jinsi dutu zinavyoathiriana zikichanganyika, naweka presha ya 88,500 kwenye mnara wenyewe, si kwenye mkondo wa kuingia tu. Presha ya mnara inabaki na thamani ya kuanzia hadi uiguse mwenyewe.

Ningetoa alama 9 kati ya 10 kwa WebBook, moja imekatwa kwa sababu ya mistari ile ya Antoine. CoolProp 8: ujumbe wake wa makosa ungemvunja moyo mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza, na ile nyuzi 3.6 bado inaniudhi.