Kitabu cha leso cha KSh 9,500: nimekipa nyota nne

Hakina karatasi hata moja. Kurasa zote ni leso kuukuu, yaani kanga, vipande viwili viwili vimeshonwa migongo kwa migongo, katikati mmetiwa merikani ili ukurasa usilegee. Fundi ni mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, anashona kwa mkono nyumbani kwake. Leso anapewa na majirani: zile zilizokwisha kuchakaa lakini wenyewe hawana moyo wa kuzigeuza matambara.

Vile vidaftari vya maduka ya watalii, vilivyovishwa kitenge juu, ninavyo. Hiki si cha ukoo huo. Kinafuata maisha ya mwanamke wa pwani kwa nguo anazofungwa, anazofunikwa na anazotandikiwa. Ukurasa wa kwanza ni mkaja, ule wa kumfunga mzazi tumbo ndani ya arubaini. Umekunjwakunjwa, ukiuvuta unatoka utepe mrefu wa kukuzunguka kiuno, na kwenye pindo bado pana doa la mafuta ya kukandia. Mama yangu aliuvaa papo hapo, akaanza kututajia nani alimkanda kwa uzazi upi. Ukurasa wa pili tuliufungua baada ya chai.

Ukurasa mmoja una chapa ya Mali ya Abdulla, ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza Mombasa mwaka 1887. Mama aliijua kwa mbali, hata miwani hajavaa.

Harusi ndiyo iliyopewa nafasi kubwa, na ni haki yake. Kisutu cha bibi harusi, kile cha nyekundu, nyeusi na nyeupe, kimeachwa na alama za vidole vya hina. Fundi hakuzificha, kazizungushia mshono mwembamba wa uzi mwekundu, ukipapasa unazihisi moja moja. Pembeni pana kifuko cha asumini kavu. Harufu imefifia, ila ukikisugua inarudi kidogo.

Mazishi yana ukurasa mmoja tu, leso iliyopauka ya kusitiri kaburi maiti wa kike anapoteremshwa. Hauna pambo, na sioni pambo gani lingefaa hapo. Nyuma ya kila ukurasa yametariziwa majina ya waliotoa leso, kwa herufi ndogo na kwa namna wanavyoitwa mtaani: Mama nani, Bi nani.

Kasoro zipo. Rangi nyekundu ya kisutu imechuja kwenye ukurasa wa mkabala, na kilinifikia hivyo. Linaloniudhi zaidi ni kwamba leso mbili zimepitishwa mkasi juu ya jina, yale maneno yaliyochapwa kwenye leso. Moja imebaki "Wema hau", basi. Leso hununuliwa kwa jina lake. Huyo aliyeivaa miaka yote hakuchagua maua. Nilipomuuliza fundi akasema ukurasa ungezidi upana. Si angelikunja, kama alivyoukunja mkaja?

Nyota ya tano imeondoka hapo. Bei siilalamikii, kwa mshono ule.

Ukiagiza, mwambie mapema majina yasikatwe. Ukimpelekea leso za nyumbani kwenu anapunguza bei, lakini kazi inachukua muda zaidi, na ile miezi ya harusi kabla ya Ramadhani usimtegemee kabisa: anashona nguo za maharusi na simu hapokei.