TAHADHARI: Anayetembeza "mafuta ya bunduki" Kigoma mjini na Kasulu

Ndugu zangu mnaomiliki silaha kihalali hapa Kigoma, uwe Ujiji, Kasulu, Buhigwe au Kibondo: kuna kijana anatembeza mafuta ya bunduki na vifuko vya kukausha unyevu. Msinunue. Na akiwauliza bunduki mnaiweka wapi, msimjibu.

Mimi nakaa Kasulu. Nina bunduki ya mitutu miwili, nimeirithi kwa marehemu baba kwa kufuata taratibu zote na leseni ninayo. Kazi yake ni shambani, nguruwe pori wanapovamia mahindi na mihogo. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa Mwanga, hapa Kigoma mjini, mvua zimeshachanganya, nikaingia duka moja kuulizia mafuta mepesi ya bunduki. Mwenye duka hakuwa nayo. Natoka tu, kijana mwenye begi mgongoni akanifuata. "Baba, nimekusikia. Haya ni ya jeshi, ukipaka mara moja mwaka mzima umesahau kutu." Chupa shilingi 15,000, vifuko kumi shilingi 10,000. Nikalipa.

Nyumbani nikapaka mafuta, nikapanga vifuko vinne ndani ya kabati la chuma, nikafunga. Nikasafiri kumuuguza dada yangu, nimerudi katikati ya Januari. Kufungua kabati, vifuko vimelowa chepechepe na chini kuna kidimbwi. Mtutu wa kushoto, pale kifuko kilipoegemea, umekula kutu upana wa kiganja, na kutu ilipotoka ikaacha vishimo. Vishimo hivyo havirudi tena. Baba aliitunza ile bunduki maisha yake yote bila doa, mimi nimeiharibu kwa miezi miwili. Imeniuma sana.

Mke wangu ni mzaliwa wa Uvinza, kunakotengenezwa chumvi. Alichukua chembe kutoka kwenye kifuko kilichobaki, akazisugua vidoleni, akasema, "Baba Neema, hii ni chumvi." Tukazitia kwenye glasi ya maji, zikayeyuka zote. Silika jeli ya kweli, ile ya vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya boksi la viatu au redio, ni vipunje vigumu kama shanga na haviyeyuki majini hata ukoroge mpaka jioni. Unyevu huufungia ndani yake, na vikishiba unavikausha kwa joto la taratibu na kuvitumia tena. Chumvi nayo huvuta unyevu hewa ikiwa nzito kama hii ya masika, ila yenyewe hugeuka maji ya chumvi na kutiririka. Maji hayo yakikaa juu ya chuma, kutu inakwenda mbio kuliko ingekuwa maji matupu. Kwa hiyo kabati lisilo na kifuko chochote lingenifaa zaidi.

Mafuta nayo nikayapima. Tone moja juu ya karatasi nyeupe, ukaacha lisambae: mafuta safi hutandaa rangi moja, haya yaliacha duara jeusi katikati. Hayo ni masizi. Kisha tone kwenye kikaango cha moto, likachacharika, maana yake lina maji. Ni oili chafu ya magari iliyochujwa na kulainishwa, kwa harufu yake, kwa mafuta ya taa. Oili iliyokwisha kutumika inabeba masizi, maji na asidi za injini. Ukiipaka kwenye bunduki unaipaka kutu yenyewe.

Kwetu huku milimani Juni na Julai usiku ni baridi kweli. Ukitoka lindo shambani alfajiri na chuma kimepoa, ukakiingiza moja kwa moja kwenye nyumba yenye moto jikoni, kinatoa jasho, mpaka ndani ya mtutu. Toa risasi, futa bunduki, iache wazi mahali salama mbele ya macho yako mpaka ilingane na joto la nyumba, ndipo upake mafuta kidogo na kufungia. Usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi au kitambaa, vinashika unyevu. Na ufute alama za vidole, jasho la mkono nalo lina chumvi.

Kama ulishatumia vifuko vyake, usikimbilie kupaka mafuta mapya juu. Mafuta hayayeyushi chumvi, utaifungia chini yake. Futa sehemu ya chuma kwa kitambaa chenye maji ya moto, kausha papo hapo mpaka ndani, ndipo mafuta. Ukiona vishimo ndani ya mtutu usiifyatue kabla fundi mwenye leseni hajaikagua.

Sasa linaloninyima usingizi. Yule kijana hakuuza tu. Aliniuliza ni ya aina gani, nakaa mtaa gani, kabati liko chumbani au sebuleni, akaomba namba "nikuletee mafuta mengine". Mtaa na namba nilimpa, na najuta. Wiki iliyopita jamaa yangu wa hapa Kasulu amefuatwa na mtu wa maelezo hayo hayo, akaambiwa, "Nipe nikakusafishie, kesho nakurudishia." Bunduki yenye leseni yako haitoki mkononi mwako kwenda kwa mtu wa begini. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inakubana wewe mwenye leseni, na ikipotea utaulizwa wewe. Mtu anayejua nani ana bunduki na iko chumba gani, mimi simwoni tena kama mchuuzi.

Chupa ni nyeupe ya plastiki, ina karatasi ya kijani isiyo na jina la kiwanda wala tarehe. Vifuko ni vya kitambaa, vimeshonwa kwa mkono kwa uzi mweusi. Chupa yangu na vifuko vilivyobaki nimevipeleka polisi na maelezo nimeandikisha. Kama na wewe ulinunua, au ulimpa namba na mtaa, nenda kaandikishe wiki hii, na kabati lihamishe chumba.