Osiloskopu ya dijitali na kipepeo wangu wa sauti: hasira bado hazijatulia

Nilinunua osiloskopu hii ya dijitali, yaani chombo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, miezi kadhaa iliyopita kwa lengo moja tu, nalo ni kutazama michoro inayochorwa na sauti: chaneli ya kushoto huamua mlalo, chaneli ya kulia huamua wima, na kutokana na mngurumo usio na ladha yoyote masikioni hutokea umbo machoni. Sifa nyingine za chombo sitazigusa, maana zimeandikwa kwenye kila tangazo lake. Ninachotaka kukisimulia ni kipepeo.

Nilianza na duara, ambalo hupatikana kwa kupeleka wimbi la sini (lile linalopanda na kushuka kwa ulaini) upande mmoja na wimbi hilohilo, likiwa limecheleweshwa kwa robo ya mzunguko, upande wa pili. Duara lilitoka zuri, nami nikajipongeza mapema mno. Nilipocheza faili la kipepeo anayechorwa mara 50 kwa sekunde, niliona wingu la vitone, kana kwamba mtu amemwaga mtama kwenye sakafu nyeusi. Nikawasha uunganishaji wa vitone, na hapo ndipo nilipokasirika kweli, kwa sababu ule mstari wa kuruka kutoka bawa moja hadi jingine, ambao haupaswi kuonekana kabisa, ulitokea uking'aa sawasawa na mabawa yenyewe.

Kwenye osiloskopu ya zamani yenye mrija wa miale ya kathodi tatizo hilo halikusumbui sana, kwani mwale ukipita polepole fosfori, yaani utando unaong'aa ndani ya skrini, huwaka vizuri, na ukiruka kwa kasi huacha alama hafifu isiyomkera mtu. Ya dijitali haina mwale. Hukusanya sampuli, huzihifadhi, huzichora, na katikati ya kazi hiyo hupitwa na sehemu ya sauti inayoendelea kuingia. Zipo zinazoiga fosfori kwa kuhesabu kila kitone kimepitiwa mara ngapi, na yangu inatajwa kuwa miongoni mwao. Lakini ukiingia katika hali ya XY, yaani ile ambayo chaneli moja huamua mlalo na nyingine wima, uigaji huo huzimika kimyakimya, bila onyo lolote.

Niliwaandikia wauzaji barua ndefu yenye adabu na picha tatu. Jibu lilikuwa la mistari miwili: "Ndugu mteja, hiki ni chombo cha kupimia, si televisheni. Tafadhali kitumie kwa kazi iliyokusudiwa." Nililisoma mara nne huku kasha likiwa mbele yangu, na juu ya kasha hilo, kwa rangi ya kijani inayovutia, limechapwa umbo la XY lililonyooka kama uzi. Jules Antoine Lissajous, katika karne ya 19, alipata mikunjo safi kwa uma za toni (vyuma vya pacha vinavyotoa sauti vikigongwa) zilizobandikwa vioo na mwanga ulioakisiwa ukutani, nami naambiwa nimekosea kutaka picha.

Haki lazima niitende, hata kama sina hamu nayo. Baada ya siku nyingi za kuzungusha vitufe niligundua kwamba kipimo cha muda, yaani kitufe cha kupanga kila mgawanyo wa mlalo wa skrini ubebe muda gani, ambacho nilidhani hakina kazi katika hali ya XY, ndicho kilichokuwa kikiniharibia. Kipepeo mmoja huchukua milisekunde 20, na skrini yangu ina migawanyo 10. Kwa hiyo nikiweka milisekunde 1 kwa kila mgawanyo nilikuwa nikikamata nusu ya kipepeo, na nikiweka 100 nilikuwa nikirundika vipepeo 50 katika picha moja inayobadilika kwa uvivu. Nilipoweka milisekunde 2, alitulia. Kitabu cha maelekezo hakisemi neno juu ya hilo.

Vilevile, ule mtindo wa umbo kujivuta kuelekea katikati kila nilipolisogeza pembeni, niliokuwa nimeulalamikia kwa ukali katika barua yangu, haukuwa kosa la osiloskopu hata kidogo. Kadi ya sauti ya kompyuta yangu ina kapasita kwenye tundu lake la kutolea sauti, nazo ni vifaa vidogo vinavyopitisha mawimbi lakini huzuia volti isiyobadilika, kwa hiyo umbo haliwezi kukaa pembeni. Na faili la kwanza nililotumia lilikuwa la MP3, ambalo mbanano wake huvuruga uwiano wa chaneli mbili. Faili la WAV, ambalo halikubanwa, lilinyoosha mistari papo hapo. Sehemu hiyo ya barua naifuta, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo nilikuwa nimekusudia nyota moja, kisha jana usiku, taa zikiwa zimezimwa na kipepeo akipiga mabawa yake vizuri kwenye skrini, nikapandisha hadi nne. Asubuhi nikakuta mstari wa kuruka bado upo, uking'aa vilevile, nikalisoma tena lile jibu la mistari miwili. Nimeweka mbili.