Tiketi ya kusimama Globe: usivae viatu vya harusini

Nianze na miguu. Tiketi ya kusimama kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Shakespeare's Globe, London, nililipa pauni 10, na kwa karibu saa tatu sikukaa. Uani, yaani pale tunaposimama mbele ya jukwaa, hairuhusiwi kukaa chini wala kufungua mwavuli, na hakuna paa juu ya kichwa chako. Vaa raba. Mimi nilivaa viatu vya harusini, shauri yangu. Tiketi nunua kwao wenyewe. Kuna mtandao mmoja, jina nalihifadhi, ulitaka nilipe mara nne ya bei hiyo.

Hata hivyo nafasi ile siibadilishi na kiti cha bei. Niliwahi, nikasimama mbele kabisa, viwiko juu ya mbao za jukwaa. Mchezo ulikuwa Twelfth Night. Viola, aliyenusurika meli ilipozama, anavaa kiume, anajiita Cesario, anaajiriwa na mtawala Orsino na kumpenda kimyakimya. Orsino naye anamtuma akambembelezee Olivia, na Olivia anamtaka huyohuyo mjumbe. Malvolio, msimamizi wa nyumba ya Olivia, alipomtupia Viola pete kwa agizo la bibi yake, ilibiringika ikatua shibiri moja kutoka kiwiko changu. Viola akachutama kuiokota. Niliona kucha zilizotafunwa, na jasho likimchuruzika hadi kidevuni. Akanitazama usoni kama anayeniuliza afanyeje, nami nikajikuta natikisa kichwa. Huko ghorofani hilo hulipati.

Kabla ya mchezo nilikwenda ziara ya kuongozwa, nawe usiikose. Jengo hili la 1997 limeiga lile la 1599, lililoungua mwaka 1613 kwa moto wa mzinga uliofyatuliwa mchezoni. Lakini kilichonikaa ni habari za wavulana. Enzi za Elizabeth wa Kwanza, nafasi za kike katika kumbi za kulipia walipewa wavulana waliokuwa wanagenzi wa waigizaji wakubwa, hadi sauti ziwe nzito. Wanawake walikuja kupanda majukwaa hayo mwaka 1660.

Sasa piga hesabu. Februari 1602, mchezo huu ulipooneshwa Middle Temple, chuo cha wanasheria London, Viola alikuwa mvulana anayejifanya msichana anayejifanya mvulana, akimfumbia mwanamume mzima habari za mapenzi yake. Nje, sheria iliyorudishwa mwaka 1563 ilimhukumu kunyongwa mwanamume aliyelala na mwanamume mwenzake, na Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, walishika Kumbukumbu la Torati wakilaani mwanamume kuvaa mavazi ya mwanamke. Na mwishoni Viola hata gauni halivai: nguo zake ziko kwa nahodha, nahodha yuko kifungoni. Orsino anamposa akiwa vilevile, bado anamwita Cesario. Shuleni tulifundishwa kwamba ni vichekesho tu!

Siku yangu Viola aliigizwa na mwanamke, tena fundi, lakini mimi macho yangu yalikuwa yanamtafuta yule kijana wa 1602.

Kiingereza cha Shakespeare si cha kunywea chai; nusu ya utani wa Feste, mchekeshaji wa Olivia, ulinipita. Hapo ndipo nilipoumia kwamba mwaka 2012 uani humuhumu walicheza kwa Kiswahili mchezo mwingine wa Shakespeare, The Merry Wives of Windsor, Mrisho Mpoto akiwa Falstaff, nami sikuwepo.

Feste alipoimba wimbo wa mwisho, ule wa mvua ya kila siku, manyunyu yakaanza kweli. Wa vitini wakaangua kicheko. Sisi wa uani tukaloa, na hakuna aliyeondoka.